Jirani wa Hoteli Bora Duniani

Mwaka 2011 wasomaji wa Travel + Leisure, jarida la utalii la Marekani, walipiga kura kuchagua hoteli bora kuliko zote duniani. Dunia nzima ilikuwa mbele yao: kasri za Paris, minara ya Dubai, na Las Vegas yenyewe, jiji lililojengwa kwa kusudi la kuwashangaza watu. Ushindi ulikwenda kwa Singita Grumeti, kundi la loji zilizoko magharibi mwa Serengeti, mkoani Mara. Kwa mtu wa Issenye, mkoani humohumo, hao ni majirani.

Habari hiyo haikuvuma sana kwetu. Mwaka uleule yalitokea mambo mengine mawili yenye undugu wa karibu na ushindi ule kuliko wengi wanavyodhani, nami nitayafikia. Kwanza tuzipitie rekodi za anasa za upande huu wa nchi, na chache za mbali, kwa mshangao unaozistahili. Zinashangaza kweli.

Utupu ghali kuliko wote

Anayeingia Las Vegas usiku hupokelewa na taa. Hoteli ya Luxor, yenye umbo la piramidi, hurusha angani mwale unaotajwa kuwa mkali kuliko yote duniani. Ukumbi wa Sphere, uliofunguliwa Septemba 2023 kwa gharama ya dola bilioni 2.3, ni tufe la mita 112 kwenda juu lililovikwa skrini mwili mzima. Hoteli ya MGM Grand peke yake ina vyumba zaidi ya 5,000. Mwanga wa jiji hilo umezidi hata wadudu wanapotea njia: watafiti waliochambua picha za rada ya hali ya hewa walikadiria kwamba usiku wa tarehe 27 Julai 2019 panzi milioni 46 walikuwa angani juu ya Las Vegas, wamevutwa na taa. Macau, kule China, ilianza kuipita Las Vegas kwa mapato ya kamari mwaka 2006. Na Ras Al Khaimah, katika Falme za Kiarabu ambako ndugu zetu wengi wanatafuta riziki, sasa inajengwa hoteli yenye leseni ya kwanza ya kasino katika nchi hiyo, iliyotolewa mwaka 2024.

Anasa ya miji ya namna hiyo ni ya kuongeza: vyumba juu ya vyumba, taa juu ya taa, watu juu ya watu. Grumeti wamepata utajiri kwa njia iliyo kinyume kabisa. Eneo walilokodishiwa lina ekari zipatazo 350,000, yaani kilomita za mraba 1,400 hivi. Mkoa wa Dar es Salaam una kilomita za mraba 1,393, na sensa ya 2022 ilihesabu humo watu 5,383,728. Chukua Dar es Salaam yote, kuanzia Bunju hadi Kigamboni, kuanzia Posta hadi Chanika, uondoe watu wote, kisha urudishe wageni wa kujaza mabasi machache tu. Hicho ndicho kinachouzwa Grumeti. Mgeni hulipia nafasi ya kutazama hadi macho yachoke bila kuona paa la mtu mwingine, na usiku hulipia giza.

Sijui kama kuna rekodi rasmi ya ardhi nyingi zaidi kwa mgeni mmoja wa hoteli. Ikianzishwa, Mara iingie kwenye shindano.

Kitanda cha milioni tano

Fedha zilizoijenga Grumeti zilitoka Wall Street. Paul Tudor Jones alipata jina kwa kuliona mapema anguko la masoko ya hisa la Oktoba 1987, akavuna wakati wenzake wakifilisika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ndiye aliyechukua eneo hili, na mwaka 2006 uendeshaji wa loji ukakabidhiwa Singita, kampuni ya Afrika Kusini.

Loji kubwa kati ya hizo iko juu ya kilima cha Sasakwa na imechukua jina la kilima hicho. Imejengwa kwa mtindo wa majumba ya makabaila wa Kiingereza wa enzi za Mfalme Edward wa Saba. Ndani kuna chumba cha biliadi. Nje kuna uwanja wa tenisi na nyasi zilizokatwa zikalingana sawasawa kwa mchezo wa krokei. Kila nyumba ya mgeni ina bwawa lake dogo ukingoni mwa kilima, na kutoka ndani ya maji hayo mtu anatazama mbuga ikienda hadi inapokutana na mbingu. Bei ya msimu wa juu huvuka dola 2,000 kwa mtu mmoja kwa usiku mmoja. Kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola, hiyo ni milioni 5 kwa kitanda, na asubuhi inaanza hesabu nyingine.

Fedha hizo zimefanya kazi inayoonekana. Mfuko wa Grumeti umeajiri askari wa wanyamapori kutoka vijiji vya jirani, baadhi yao wakiwa watu waliokuwa wakiwinda porini humo bila kibali na wanaojua kila kijia cha mitego ya waya. Tembo na nyati wameongezeka sana kuliko walivyokuwa mwaka 2003. Wapo wanafunzi wanaosomeshwa kwa fedha hizo, na wapo wakulima waliouza mboga zao jikoni mwa loji. Na Septemba 2019 waliletwa abiria ambao bila shaka ni wa gharama kubwa kuliko wote waliowahi kushuka upande huu: faru weusi 9 waliosafirishwa kwa ndege kutoka Afrika Kusini, kuja kuongeza damu katika ardhi ambayo ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 ulikuwa umewamaliza faru wake karibu wote.

Kifungua kinywa kilichotanguliwa na moto

Tangu 1989 maputo ya kubeba watu yamekuwa yakiruka Serengeti, na safari ya saa moja hivi hugharimu karibu dola 600. Wageni huamshwa usiku ungali mzito. Wanapofika uwanjani hukuta kikapu kimelazwa ubavu. Wanaingia wakiwa wamelala chali, magoti yakiwa juu, wameshikilia kamba, na moto wa gesi unanguruma hatua chache kutoka vichwani mwao. Kitambaa kinavimba, kinanyanyuka, kikapu kinasimama wima na watu wote ndani, na kabla hawajamaliza kushangaa ardhi imekwisha kuwaacha. Moto ukizimwa hakuna sauti. Chini wanaonekana viboko kwenye madimbwi, fisi anayerudi kulala, na vijia vya nyumbu vilivyokatiza nyasi.

Baada ya kutua, meza ndefu huwa imekwisha kuandaliwa chini ya mgunga: kitambaa cheupe, vyombo vya udongo wa kaure, bilauri za shampeni. Shampeni ni desturi ya warukaji wa maputo iliyotoka Ufaransa, ambako maputo ya kwanza yenye watu yaliruka mwaka 1783. Saa moja ya asubuhi, katikati ya mbuga, watu wanakunywa mvinyo na kula mayai yaliyokaangwa papo hapo. Katika anasa zote za Serengeti, hii ndiyo ninayoielewa kwa urahisi. Ukishapaa juu ya nchi hii alfajiri, unahitaji kukaa na watu mezani ulizungumze ulichokiona.

Maji, kwa ufupi

Hoteli ya Four Seasons, katikati ya Serengeti, ilifunguliwa mwaka 2009 kwa jina la Bilila. Bwawa lake la kuogelea linatazamana na dimbwi wanalokuja kunywa tembo, kiasi kwamba mwogaji na mnywaji huweza kuangaliana. Karibu na Mafia kuna kisiwa cha Shungimbili, kinachouzwa kwa jina la Thanda. Kilipofunguliwa kwa wageni mwaka 2016 bei ilianzia dola 10,000 kwa usiku, na mpangaji anapewa kisiwa kizima. Pemba, tangu 2013, kuna chumba kinachoelea baharini ambacho kitanda chake kiko mita 4 chini ya maji, kuta zake zikiwa vioo. Ningepewa nafasi ya kuchagua kimoja, ningechagua hicho cha Pemba. Humo samaki ndio wanaokuja kumtazama binadamu.

Kundi kubwa, na sindano iliyolikuza

Nyumbu milioni 1.3 hivi, pundamilia wapatao laki mbili, na swala tomi laki kadhaa huzunguka mwaka mzima kati ya Serengeti na Maasai Mara. Kuanzia Mei hadi Julai sehemu kubwa yao hupita ukanda wa magharibi, wakauvuka Mto Grumeti. Kwa miaka mingi msafara huu ulitajwa kuwa mkubwa kuliko misafara yote ya wanyama wa nchi kavu. Juni 2024 Sudan Kusini ilitangaza matokeo ya hesabu ya kutoka angani: swala wa aina mbalimbali karibu milioni 6 wanaohama katika mbuga za Boma, Badingilo na maeneo yanayozizunguka. Taji la idadi limehama Serengeti. Hilo halinisikitishi. Nchi iliyopita kwenye vita virefu namna ile kubaki na wanyama milioni 6 ni jambo la Afrika Mashariki nzima kujivunia.

Serengeti inayo rekodi nyingine ninayoithamini zaidi, na hiyo haijanyang'anywa. Mwaka 1958 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, Wajerumani, waliruka juu ya mbuga hii kwa ndege ndogo waliyoipaka mistari ya pundamilia, wakihesabu mnyama mmoja mmoja. Walipata nyumbu 99,481. Januari 1959 ndege hiyo ilianguka na Michael akafariki. Amezikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Filamu yao kuhusu Serengeti ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Lakini rudi kwenye ile namba. Kutoka chini ya laki moja mwaka 1958 hadi zaidi ya milioni moja kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970: nani aliwaongeza nyumbu hivyo?

Jibu liko zizini. Sotoka iliingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890 ikafyeka ng'ombe, ikafyeka nyati na nyumbu, na njaa iliyofuata ikafyeka watu. Ugonjwa ukabaki ukizunguka kwa miongo, ukiwaua ndama wa nyumbu kila mwaka. Kisha huko Muguga, karibu na Nairobi, Walter Plowright na wenzake wakatengeneza chanjo iliyokuwa imara na ya bei ya kuwezekana, na ng'ombe waliokuwa wakiizunguka Serengeti wakachanjwa. Hakuna aliyemfukuza nyumbu na sindano. Ilitosha kuchanja ng'ombe, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa ukitoka kwao kwenda porini. Kufikia 1963 sotoka ilikuwa imetoweka kwa nyumbu wa Serengeti, na idadi yao ikaanza kupanda mwaka hadi mwaka.

Maana yake ni kwamba msafara ambao mtu anapanda ndege kutoka New York kuja kuutazama umejengwa pia na wafugaji. Walioleta ng'ombe wao kwenye josho na kwenye chanjo, wakawashika pembe dawa ikiingia shingoni, wamo ndani ya kila picha ya nyumbu inayopigwa Grumeti. Juni 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitangaza kwamba sotoka imetokomezwa duniani kote. Ni ugonjwa wa pili tu katika historia kufutwa na binadamu, baada ya ndui. Hilo ndilo jambo la pili la mwaka 2011.

Mamba na utabiri wa Mwalimu

Mto Grumeti una mamba wanaosifika kwa ukubwa. Nyumbu wakishapita, mamba hao huweza kukaa miezi bila mlo wa maana, wakisubiri msimu mwingine. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika mkoa huuhuu, anakumbukwa kwa kusema kwamba yeye mwenyewe asingetumia likizo yake kutazama mamba, lakini akaunga mkono kwa moyo wote wahifadhiwe, akitabiri kuwa wanyamapori wangekuwa chanzo kikubwa cha mapato ya nchi baada ya almasi na mkonge. Mkonge umeshuka, almasi zimepungua sauti. Mwaka 2023 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 1.8.

Dungu

Sasa tuje Issenye penyewe.

Waisenye, Wanata na Waikoma ni watu wa lugha moja yenye lahaja za karibu. Kabla ya Serengeti kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1951, walilima, walifuga na kuwinda katika nchi ambayo leo mgeni anauziwa kama nchi isiyo na watu. Mwanahistoria Jan Bender Shetler alikaa na wazee wa makabila haya, akawasikiliza wakitaja vilima, chemchemi na mahame ya koo zao yaliyomo ndani ya hifadhi, na mwaka 2007 akachapisha kitabu juu ya kumbukumbu hizo. Utupu ule ghali una wenyewe. Walihama kwa amri, kwa nyakati tofauti, na wajukuu wao wanalima mpakani.

Mahindi na mtama vinapokaribia kukomaa, mkulima wa mpakani halali chumbani. Anahamia shambani, kwenye dungu: nguzo za miti, sakafu ya fito, paa la nyasi, ngazi ya vijiti. Humo anakesha na tochi, debe la kupiga, na mara nyingi pilipili iliyosagwa na kuchanganywa na oili chafu, ambayo hupakwa kwenye kamba na vitambaa kuzunguka shamba, au hufinyangwa pamoja na kinyesi cha tembo ikachomwa ili moshi uwashe pua zao. Tembo husikika kabla hajaonekana, matawi yakivunjika. Wakiingia kumi, kazi ya miezi mitano huisha kabla ya jogoo kuwika, na hapo mtu anashukuru ikiwa hakuna aliyekanyagwa.

Tembo hao ndio walewale. Jioni wanatazamwa na mtu aliyeko kwenye bwawa lake kilimani, na usiku wa manane wanatazamwa na mtu aliyeko kwenye dungu. Wa kwanza amelipa milioni 5 ili wawe karibu naye. Wa pili anaomba wawe mbali, na kukesha kwake hakuna anayekulipia.

Hapa ndipo linapoingia jambo la tatu la mwaka 2011. Mwaka huo serikali ilitoa kanuni za kifuta jasho na kifuta machozi kwa waathirika wa wanyamapori wakali. Kwa mazao, kiwango cha juu kiliwekwa kuwa shilingi 100,000 kwa ekari, zisizozidi ekari 5, na kadiri shamba lilivyokuwa karibu na mpaka wa hifadhi ndivyo kiasi kilivyopungua. Kwa mtu aliyeuawa, familia iliwekewa shilingi milioni 1. Nimezipiga hesabu hizi mara kadhaa nikitumaini nimekosea sifuri. Ekari tano zilizoliwa zote, kwa kiwango cha juu kabisa cha kanuni zile, ni laki tano: sehemu moja ya kumi ya usiku mmoja wa kitanda kimoja. Maisha ya mtu ni sehemu ya tano ya usiku huo.

Siwalaumu wageni, wala sidai loji zifungwe. Mapato yake yanahitajika, na nyumba hizo zimeajiri watoto wa hapa. Ninachosema ni kwamba katika orodha ya waliojenga hoteli bora duniani ya mwaka 2011, mlinzi wa dungu anastahili jina, na viwango vya fidia vinapaswa kupangwa kwa kulinganishwa na thamani ambayo tembo analetea nchi. Tembo mmoja anayepigwa picha kila siku kwa miaka hamsini ni mali. Anayemlisha kwa mahindi yake bila kutaka ni mbia.

Njia ya kugawana ipo tayari, na iko jirani. Vijiji vya Robanda, Park Nyigoti, Nata Mbiso, Makundusi na Nyichoka viliungana kuunda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Ikona, na kambi na loji zilizomo kwenye ardhi yao huwalipa. Kumekuwa na migogoro ya mipaka na ya mgawo, kama ilivyo kwa kila mali ya shirika. Hata hivyo ni vijiji vyenye mkataba, vinavyoweza kuketi mezani na mwekezaji na kusoma vitabu vya hesabu, na fedha zao zimejenga madarasa na zahanati. Kila kijiji kinachokesha na tembo kingepaswa kuwa na meza ya namna hiyo.

Na wewe msomaji, usiache Serengeti iwe ya kusomwa magazetini. Mwafrika Mashariki mtu mzima hulipa langoni shilingi 10,000 kabla ya kodi, wakati mgeni wa nje hulipa dola 70 msimu wa juu. Fika Bunda, shika barabara ya Issenye na Nata kuelekea Lango la Ikoma, mwishoni mwa Mei au mwezi Juni nyumbu wakiwa magharibi. Changishaneni gari watu sita au saba, maana gari ndilo ghali kuliko kiingilio. Laleni kwenye nyumba za wageni za vijijini, nunueni chakula cha mchana kwa mama lishe wa Nata, na mkiona dungu kando ya barabara shukeni mkamsalimie aliye juu yake. Huyo anawajua tembo kuliko mwongoza watalii yeyote mtakayempata.